Safu ya Alhamisi

Jeni elfu ishirini na mia tatu na moja.
Watu mia sita na kumi na wawili.
Zidisha mwenyewe; mimi nimechoka kuzidisha.
Jedwali langu ni pana kuliko dirisha langu,
na dirishani humu unaenea mto Emajõgi mzima, umeganda,
pamoja na mwanamume anayevuka juu ya barafu
akikokota baiskeli isiyo na mnyororo.

Profesa Kirsipuu hupita saa nne, kofia ya sufi kiganjani.
"Zimesema?" huuliza,
kana kwamba namba ni mtoto aliyechelewa kutamka.
Zinasema, namjibu. Zinasema mno.

Penye wengi, eti, hapaharibiki neno.
Aliyesema hayo hakuhoji jeni elfu ishirini kwa mpigo.
Kipimo kikikosea mara moja tu katika ishirini
nitakamata jeni elfu moja
ambazo hazijaiba hata yai.
Basi nikapandisha kizingiti,
nikakipandisha tena, hadi kila jeni iliyotaka kupita
ikalazimika kuruka, magoti kifuani.
Zikaruka mia mbili na kumi na nne.

Ijumaa ile nikavikunja vipimo vyote,
kunjo juu ya kunjo, kama shuka la hospitali,
hadi vikabaki viwili: kulia na kushoto, juu na chini.
Kila mtu akawa nukta.
Nukta zikajikusanya mawingu mawili:
wenye figo mbovu huku, wazima kule,
na katikati uwazi mweupe wa kupitisha gari.
Profesa akaleta keki ya mdalasini. Akanipigia makofi peke yake.

Mimi nilikuwa nawatazama wazima thelathini na wanane
waliokaa katika wingu la wagonjwa
kama wageni waliokosea msiba.

Usiku nikafuta rangi ya ugonjwa.
Nikapaka rangi ya jinsia: mchanganyiko, choroko na mchele.
Nikapaka rangi ya umri: vivyo hivyo.
Nikapaka rangi ya siku damu ilipotolewa.
Alhamisi ikakaa kushoto, yote,
bila nukta moja kuvuka.
Kliniki ya figo ni Alhamisi.

Nikashuka ngazi hadi chini kwa Vilve,
anayepokea mirija na kuiingiza kwenye friza,
miaka kumi na minane sasa, bila kuvunja hata mmoja.
Sikujua nianzie wapi. Nikauliza habari za baridi.
"Uliza ulichojia," akasema.
Kisha, huku akivua glavu kidole kimoja kimoja:
"Alhamisi dada yangu husafishwa damu.
Siku nyingine hukaa na mwanawe; Alhamisi hana mtu.
Natoka saa nane. Narudi saa kumi na nusu.
Mirija huningoja mezani."

Dakika mia na hamsini nje ya baridi.
Chembe hai zilizong'olewa mwilini
zilishtuka ndani ya plastiki, zikawasha kila taa ya hatari,
nami nikaziorodhesha taa hizo
nikaziita ugonjwa.

Nimerudia hesabu nikiwa na safu mpya: muda wa kungoja.
Katika mia mbili na kumi na nne zimebaki tatu,
mojawapo haina hata jina, ni namba tu,
na sitaiapia.
Profesa hakufoka. Alikula kipande cha keki kilichobaki, kigumu,
akiwa amesimama.

Jana Vilve alipanda juu, mara ya kwanza.
Akasimama mbele ya skrini na koti lake la theluji.
"Na yeye yumo?"
Nikamwambia majina yaliondolewa, ndiyo sheria,
hata mimi sina ufunguo.
Akakaribia. Akaweka kidole juu ya nukta moja
iliyokaa peke yake, chini kabisa, mbali na mawingu yote.
"Huyu."
Siwezi kujua, Vilve.
"Huyu," akasema, na hakuondoa kidole
hadi kioo kikafanya ukungu pembeni mwa ukucha wake.